Figo Haizikwi Ikiwa Hai

Tarehe 3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama mdogo, na kwamba kile kidole ulichokiponda kwa nyundo kimeanza kuota ukucha. Huku hatujambo. Mkweo kinyozi amepata kiti kipya cha wateja, kile cha kuzunguka, na tangu siku hiyo anajiona daktari wa meno. Mjukuu wako amefaulu hesabu, ila mwandiko wake ni kama kuku kapita kwenye tope.

Najua simu inakuvumia sikioni kama nyuki, ndiyo maana nakuandikia. Tena nakuandikia upesi, kwa sababu mama mdogo akilibeba jambo hili litakufikia limeshaota pembe.

Mwezi uliopita nilikuwa kazini kwenye ujenzi, juu kwenye kibanda cha winchi, nimenyanyua mzigo wa nondo kupeleka ghorofa ya juu. Ubavu wa kushoto ukanishika. Si kuuma, baba. Kushikwa, kama mtu amenibana kwa koleo na anazidi kukaza. Jasho likanitoka, macho yakaingia giza. Na chini ya zile nondo kulikuwa na watu. Nikauma kola ya shati, nikashusha mzigo polepole mpaka ukalala chini, nikazima mashine, ndipo nikapiga kelele. Namna nilivyoshuka ngazi sikumbuki vizuri.

Hospitali wakanipiga picha. Nina jiwe kwenye figo. Usifikirie kokoto. Hili limeota matawi, limejaza kila kona ya figo kama mzizi ulioingia kwenye bomba. Daktari aliyeniona anasema dawa yake ni moja: kupasua ubavu na kuitoa figo yote, nibaki na ile nyingine. Nimemwambia nitafikiri.

Usiwe na wasiwasi. Nakula, nacheka, naenda kazini.

Mwanao,
Mama Winchi


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, imekunjwa vibaya kama kawaida yako. Sisi wazima. Kidole hakijambo. Nimepewa kazi ya milango ya shule, mbao wameleta mbichi, nimezirudisha. Fundi wao alitaka kubishana nami, nikamuuliza kama amewahi kuona mlango unaocheka, mbao zimeachana kama meno. Asubiri mvua ziishe ataona.

Sasa sikiliza. Hakuna kupasuliwa. Acha hiyo kazi ya kukaa hewani kama ndege, urudi nyumbani upumzike. Mama yako mdogo anamjua mtu mwenye mizizi ya kuyeyusha mawe, amewasaidia wengi. Utakunywa, litatoka lenyewe.

Hupasuliwi. Sababu unaijua na sitaiandika.

Msalimie kinyozi. Mjukuu wangu mwambie aandike polepole.

Baba yako


Tarehe 9 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo tena. Milango ya shule vipi, wameleta mbao kavu? Huku mvua imesimamisha kazi, na winchi ikipigwa na upepo haifai kuendeshwa, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika.

Sababu ninaijua. Hutaki kuiandika, basi nitaiandika mimi. Mama walimpasua kuanzia mbavuni mpaka karibu na kitovu. Nilikuwa na umri wa kutosha kubeba beseni, baba, nililiona lile jeraha. Halikufunga mpaka siku anaondoka. Umetuambia miaka yote kwamba ni homa ilimchukua, nasi tumeitikia homa. Sikulaumu. Lakini usinifungie mlango kwa kufuli ambalo hata jina lake hatulitaji.

Na mizizi sinywi. Jiwe lenye matawi haliyeyuki kwa supu ya mizizi. Likikaa huko litaendelea kuiozesha figo taratibu, na mimi nitakuwa nimelala kwenye mkeka wako nikisubiri.

Ila hata yule daktari wa kwanza nimemkatalia. Nilirudi kwake na swali moja.

“Daktari, figo yangu imekufa?”

Akatazama karatasi zake. “Haijafa. Imechoka, lakini inafanya kazi.”

“Basi haizikwi ikiwa hai.”

Akacheka kidogo, akasema hapo kwao hawana vifaa vya namna nyingine, na kwamba nikichelewa nitajuta. Alisema kweli kuhusu vifaa, simlaumu. Yule dada anayepiga picha ndiye aliyenishika mkono mlangoni. Akaniambia siku hizi mawe kama yangu yanatolewa kwa tundu dogo mgongoni, kwenye ile hospitali kubwa ya upande wa pili wa mji.

Nikaenda. Nimekutana na daktari mmoja mfupi, mwanamke, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto waliotawanyika. Alizitundika picha zangu ukutani penye mwanga akazitazama moja moja, akarudia tena, mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akaniambia:

“Hili ni jeuri.”

“Limefika kwa mwenzake,” nikamjibu.

Akanieleza, nami nakueleza wewe. Wanakulaza usingizi, wanakugeuza kifudifudi. Wanatoboa tundu mgongoni, upana wake kama kidole changu kidogo, huku wanatazama kwenye kioo wasikosee njia. Wanaingiza mrija mpaka ndani ya figo, na kwenye mrija kuna kamera na chombo kinachotetemeka kama nyundo ya kuvunjia zege, ila chembamba. Kinalivunja jiwe, vipande vinavutwa nje kwa njia ile ile. Hakuna kupasua ubavu. Figo inabaki.

Amenionya pia. Jiwe langu lina kona nyingi, huenda tundu moja lisitoshe, huenda nikarudishwa mara ya pili. Damu inaweza kutoka nyingi. Na ndani ya jiwe kuna vijidudu, nisipomaliza dawa kwanza vitaniingia kwenye damu. Hakunipaka mafuta kwa maneno. Nimempenda kwa hilo.

Msimamizi wetu wa ujenzi naye kaniita. “Mama Winchi, kazi hii haimfai mtu mwenye figo.” Nikamwambia nimtafutie aliyezaliwa bila figo? Hakucheka. Anataka kiti changu ampe mpwa wake. Sikumwambia alichoniambia daktari nilipomweleza kwamba juu kule hakuna choo, wanaume wanatumia chupa, na mimi huwa sinywi maji tangu asubuhi mpaka nishuke. Hilo namwekea akiba.

Mwanao


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Tumepokea barua. Hatujambo. Mbao bado mbichi.

Umeandika maneno ambayo binti hamwandikii baba yake. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini ya randa, kesho yake nikaisoma tena. Tundu au mpasuko, ni mlango ule ule na ni watu wale wale wenye vitambaa mdomoni. Wanaingia nawe wakitabasamu. Mimi sikubali, wala usiniombe baraka zangu.

Kichwa chako kigumu. Sijui umekitoa wapi.

Kuna jirani yangu hapa, amesikia habari zako kwa mama yako mdogo, anauliza. Hayo maumivu yalianzia mgongoni au ubavuni? Na je, yakishuka mpaka kinenani ni ugonjwa huo huo? Na mkojo ulikuwa wa rangi gani, kama chai au kama damu hasa? Mjibu, ananisumbua.

Baba yako


Tarehe 18 Mei

Baba,

Shikamoo. Kichwa nimekitoa kwa fundi seremala mmoja anayerudisha mbao za serikali.

Sikuombi baraka. Nakujulisha. Nimemaliza dawa, mkojo umesafika, na nimepangiwa mwanzoni mwa mwezi ujao. Mkweo atakuwa nami. Anatetemeka kuliko mimi, juzi karibu amnyoe mteja nyusi.

Mwambie jirani yako hivi. Maumivu yanaweza kuanzia mgongoni chini ya mbavu, yakazunguka ubavuni, yakashuka mpaka kinenani. Yanakuja kwa mawimbi, unashindwa kukaa na unashindwa kulala. Rangi kama chai ni mbaya, kama damu ni mbaya. Akipata homa na baridi asingoje hata kidogo, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asinywe mizizi ya mtu yeyote. Anywe maji.

Na jirani yupi? Kushoto kwako kuna kiwanja kitupu. Kulia kuna mjane muuza mkaa, na sidhani kama yule mama anakuja kukueleza habari za kinena chake.

Nitakuandikia nikishatoka. Ukikaa kimya nitajua umenuna, lakini sitadhani umenikana. Hilo huwezi.

Mwanao


Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Hii ni barua ya pili naandika mwezi huu. Ya kwanza sikuituma.

Mwanzo wa mwezi umepita na sina mwandiko wako mkononi. Mama yako mdogo anasema kinyozi amempigia simu na amesema unaendelea vizuri. Kazi ya kinyozi ni kumwambia kila mtu amependeza. Nilimtaka anieleze vizuri ni vipi, mama yako mdogo akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Nimemgombeza mtu wa posta, hana kosa. Milango ya shule nimemaliza. Mmoja nimeukosea kipimo, mimi, nikaupasua nikaanza upya.

Nitakuandikia jambo moja. Ile siku ya mama yako walinikalisha kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Mlango ulikuwa wa mbao laini, bawaba moja imelegea, ukifunguka unakwaruza sakafu. Nilikuwa nasikia kila ukikwaruza. Nilijiambia wakitoka nitawatengenezea. Walipotoka sikukumbuka tena habari ya mlango. Basi.

Andika hata neno moja. Hata mwandiko wa kuku.

Jirani hajambo.

Baba yako


Tarehe 2 Julai

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Samahani kwa mwandiko, naandika nimeegemea upande mmoja. Mkweo hakusema uongo, alisema ukweli nusu. Nusu nyingine ni hii.

Waliniingiza, wakanitoboa, wakaanza kulivunja. Likatoka pande kubwa la katikati. Kisha damu ikawa nyingi hawaoni kitu kwenye kioo, na daktari akaisimamisha kazi hapo hapo. Akaniwekea mrija mgongoni unaomwaga kwenye mfuko, akaniacha na matawi yaliyobaki. Ule usiku nikashikwa na homa, meno yakawa yanagongana. Ndiyo siku nilizokosa kukuandikia. Nilikuwa sijui hata ni mwezi gani.

Homa iliposhuka akaja bwana mmoja mkubwa wa wodi, na wanafunzi wake nyuma. Akasoma faili akasema, “Huyu mmeshajaribu. Toeni figo mmalize.” Alisema juu ya kichwa changu, baba, kama mtu anayepanga pa kuweka kabati.

Nikakaa. Mrija mgongoni, mfuko mkononi, nikakaa.

“Kabati linaongea,” nikasema.

Wanafunzi wakatazama viatu. Yeye akaniuliza, “Unasemaje?”

“Nasema mimi ndiye mwenye figo. Mfuko huu niliobeba una mkojo, na mkojo unatoka kwenye figo hiyo mnayotaka kuitoa. Mfu hakojoi.”

Daktari wangu mfupi alikuwa mlangoni. Hakunitetea kwa kelele. Alifungua karatasi akaonyesha jinsi figo ilivyokuwa inafanya kazi kabla na ilivyo sasa. Kazi yake ilikuwa imepanda kidogo. Akasema atarudi na tundu la pili, juu kidogo ya la kwanza, kwa sababu tawi moja limejificha ambapo njia ya kwanza haifiki. Yule bwana mkubwa alizitazama zile karatasi, akanitazama mimi, akasema, “Haya. Mara moja tu.” Naye ni muungwana, amekubali kushindwa mbele ya wanafunzi.

Jioni daktari akakaa kwenye kitanda changu. “Unaogopa?”

“Sana.”

“Na mimi nina wasiwasi. Lakini njia ninaiona.”

Wameingia tena wiki iliyopita. Wamelitoa lote. Nilipoamka alinionyesha vipande kwenye kichupa, vya rangi ya njano chafu, vibaya kutazama. Mkojo ulikuwa mwekundu, ukawa wa waridi, leo ni kama maji ya mchele. Mgongoni nina vidonda viwili, kila kimoja kinafunikwa na plasta ndogo. Ndani wameacha mrija mwembamba kati ya figo na kibofu, unanichoma nikikojoa, watautoa baadaye. Jana nimetembea mpaka mwisho wa ukumbi na mfuko wangu mkononi, mkweo nyuma yangu analia kama ndiye aliyetobolewa.

Baba, nimepita ule mlango mara mbili. Nimetoka mara mbili.

Jirani “hajambo” maana yake nini?

Mwanao


Tarehe 19 Julai

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti, mama yako mdogo akaniambia nirudie pale pa kabati. Nimerudia. Nikatoka nje nikasimama kwenye kiwanja kitupu mpaka nilipokuwa tayari kurudi ndani.

Vizuri. Umefanya vizuri.

Usinyanyue vitu vizito. Usirudi kazini upesi. Nikisema hivyo utarudi upesi, kwa hiyo sisemi.

Jirani anauliza kama hayo matundu wanamtoboa hata mtu mzee, mwenye mvi, ambaye presha yake inapanda akikasirika. Na kama wanakubali mtu aje na fundi wake wa kumtazama wanavyofanya. Hilo la mwisho ni mzaha wake.

Samahani kwa mistari kupinda. Mkono hautulii siku hizi.

Baba yako


Tarehe 7 Agosti

Baba,

Shikamoo. Wote wazima. Mrija wa ndani umetoka, ilichukua muda mfupi kuliko kunyolewa ndevu na mkweo. Mjukuu wako ameandika jina lake kwenye plasta yangu ya mwisho, mwandiko umenyooka.

Nimerudi kazini jana. Mpwa wa msimamizi alikuwa kwenye kiti changu, na alikuwa amegonga ukingo wa ghorofa kwa mzigo wa matofali. Msimamizi akaniambia nikapumzike nyumbani, kuna kazi ya kuandika majina ya wanaoingia getini.

Nikamtolea barua ya daktari inayosema ninafaa kupanda. Kisha nikamtolea ile akiba. Mbele ya mafundi wote nikamwambia, “Jiwe langu lilianzia hapa. Nimekaa juu ya vichwa vyenu siku nzima bila kunywa maji kwa sababu hakuna ruhusa ya kushuka. Kuanzia leo nanywa maji. Nikitaka kukojoa nitazima winchi, nitashuka, nitakwenda, nitarudi. Kazi itanisubiri. Usipotaka, nitasema haya haya kwa wakaguzi, na mgongo wangu nitawaonyesha.”

“Utachelewesha jengo.”

“Jengo halina figo.”

Fundi wa nondo akaanza kupiga makofi. Halafu wengine. Kumbe nusu yao wanakojoa kwenye chupa na wamechoka. Leo asubuhi nimekuta pipa la maji chini ya ngazi, na choo kinajengwa. Nimepanda taratibu, napumzika kila ngazi chache, lakini nimepanda.

Sasa jambo lako.

Jirani ni wewe. Mama mdogo hajaniambia kitu, usimgombeze. Mistari yako ndiyo iliyoniambia, na maswali yako, na kwamba umekosea kipimo cha mlango, wewe ambaye hujawahi. Nimezungumza na daktari wangu. Anasema mawe hutembea kwenye familia. Anasema umri si kitu, cha kwanza ni picha na vipimo, huenda lako ni dogo na halihitaji hata kutobolewa. Presha wataishusha kwanza. Ukija na hasira zako wana dawa yake pia.

Uliniandikia hupasuliwi. Mimi nakuandikia hufi kwa ukaidi. Njoo. Usipokuja mwisho wa mwezi nitakuja kukubeba, na daktari amenikataza kunyanyua vitu vizito, kwa hiyo utakuwa umeniumiza.

Mwanao


Tarehe 23 Agosti

Mwanangu,

Hatujambo, ila mimi.

Ni mwaka sasa. Mkojo kama chai, mara nyingine kama damu. Nilikuwa nimeamua nimalize milango yangu nikae kimya. Mama yako nilimpeleka mimi kwa miguu yake, nikamrudisha amebebwa na lile jeraha, na kwenye lile benchi niliapa kwamba hakuna mtu wangu, na mimi mwenyewe nikiwemo, atakayepita tena mlango wa namna ile. Nilikishika kiapo hicho kuliko nilivyomshika mtu yeyote. Wewe umekipuuza mbele ya macho yangu, nami nilikasirika, na kila barua yako ilipofika nilitamani uendelee kukipuuza.

Nakuja. Nimekata tiketi ya basi la Jumatatu. Mama yako mdogo anakuja pia, amekataa kubaki, sasa wote mmenigeukia.

Masharti yangu ni haya. Usinipokee na kiti cha magurudumu, nitatembea. Kinyozi asinishike mkono. Huyo daktari mfupi azungumze nami mwenyewe, usoni, kwa sauti kubwa, asizungumze nawe juu ya kichwa changu.

Na siku nikiingizwa, usikae kwenye benchi. Mimi nalijua benchi. Nenda kazini, panda juu, nyanyua mizigo yako. Nikitoka nitakuja kusimama chini nikutazame.

Baba yako